Mshubiri na dungusi wa ndani haufi kwa kiu, unaoza

Mhariri,

Naomba nafasi kusahihisha ushauri unaorudiwa mno kuhusu mshubiri, dungusi, ekeveria na mimea mingine ya majani au mashina manene inayokuzwa ndani ya nyumba. Watu huambiwa waipe kijiko kimoja au viwili vya maji kila baada ya siku chache, eti haipendi maji. Ushauri huo unaiua.

Maji inayapenda. Isichokivumilia ni mizizi kukaa kwenye udongo uliolowa muda mrefu. Nafasi kati ya chembe za udongo zikijaa maji, hewa hutoka, mizizi hukosa oksijeni, na kuvu huingia. Vijiko vya kila mara hulowesha tabaka la juu tu: mizizi ya juu haipati kukauka na ya chini haipati kunywa. Mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke kwenye tundu la chini, subiri robo saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Usirudie mpaka udongo ukauke wote. Siku ya kumwagilia usiipange kwa kalenda, maana mwanga, joto na ukubwa wa chungu hubadilisha kasi ya kukauka. Choma kijiti kikavu hadi chini, kiache dakika 5. Kikitoka kimelowa au kimeshika udongo, bado. Aliyezoea hunyanyua chungu tu akajua kwa uzito.

Kosa jingine ni kutandika kokoto chini ya chungu. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto. Hung'ang'ania juu yake, na unyevu unasogezwa karibu na mizizi. Chembe kubwa zichanganywe na udongo wote: nusu mboji, nusu changarawe ya milimita 2 hadi 5. Mchanga laini haufai kabisa, kwani huziba nafasi za hewa. Chungu kiwe cha udongo wa kuchomwa, chenye tundu, kipana kuliko bonge la mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Kikubwa zaidi hubaki na unyevu usio na mizizi ya kuunywa.

Majani yaliyogeuka njano, laini na kama yamejaa maji yanaonyesha kuwa maji yamezidi. Yaliyokunjamana huonyesha kiu, lakini hapa wengi hukosea: mizizi iliyooza nayo hainywi, hivyo majani hukunjamana hata udongo ukiwa umelowa. Ukiona hivyo usiongeze maji. Ng'oa mmea, kata palipooza hadi kwenye sehemu isiyo na doa la kahawia kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, uache kivulini siku 3 hadi 7 mpaka kidonda kikauke, panda kwenye udongo mkavu, na umwagilie baada ya wiki moja.

Mwanga nao huamua kiasi cha maji. Mbali na dirisha mmea hutumia maji kidogo, udongo hukawia kukauka, na shina hurefuka huku majani yakiachana. Lililorefuka halirudi, kata kichwa, kikaushe vilevile, kisha ukipande karibu na dirisha. Kukihamishia juani kufanyike taratibu, kwa wiki mbili hivi, la sivyo majani yataungua na makovu hayafutiki.

Msomaji mpenda mimea