Maganda ya risasi si chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maneno yanayopita siku hizi katika vijiwe vya Kirumba hapa Mwanza, hasa pale Mwaloni, kwamba ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linaweza kujazwa baruti na kutumika tena, na kwamba anayeijua kazi hiyo hana haja ya duka wala kibali. La kwanza ni kweli. La pili ni kosa la jinai, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, nami sioni namna ya kujaza ganda ambayo si kutengeneza risasi.

Wanaosambaza habari hizi hupenda kutaja Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza risasi zao nyumbani kihalali ili kupunguza gharama. Wasichosema ni kwamba hata huko wazoefu huitenga bunduki inayojipakia yenyewe na kuipa tahadhari za peke yake. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka likabana kuta za chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa ikipigwa, na likitoka halirudi kikamilifu katika umbo lake la awali. Kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono, ganda lililovimba hukataa kuingia, na kiganja cha mpigaji kinauhisi ule ugumu kabla hajafanya lolote. Kwenye bunduki inayojipakia hakuna kiganja: springi huisukuma bolti, kile chuma kinachoingiza risasi na kuifungia chemba, mbele kwa nguvu ileile, ganda liwe zima au bovu, na fataki, kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti, ikiwa imekaa juu kidogo ya usawa wa kitako inaweza kulipuka kabla bolti haijajifunga, huku kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Hatari hiyo inatuhusu, maana miongoni mwa silaha ambazo taarifa za polisi hapa nchini huzitaja mara kwa mara ni SAR, bunduki inayojipakia yenyewe iliyobuniwa na Mrusi Simonov, ambayo pini yake ya kupigia fataki huelea bila springi katika nyingi zilizotengenezwa. Bolti inapogonga mbele, pini nayo huruka mbele, na ikiwa imeshikwa na kutu au uchafu hubaki imechomoza. Isitoshe, maganda mengi ya risasi zake ni ya chuma, si ya shaba, na fataki yake hukaa katika muundo ambao si rahisi kuing'oa. Fundi wa mtaani atakayejaribu kulijaza ganda la namna hiyo atakuwa anacheza na uso wake mwenyewe, na wa jirani yake.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Kila ganda lina alama kwenye kitako, na mara nyingi alama hizo huonyesha kiwanda na mwaka wa kutengenezwa. Boti ya wavuvi ikivamiwa usiku baina ya visiwa vya Ukerewe na Kome, mashine ikaporwa na risasi zikapigwa, ganda linalookotwa ndani ya boti ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mpelelezi anaweza kuvisoma. Likiwa limejazwa upya, kitako kitaendelea kutaja kiwanda kilekile cha zamani, wakati baruti na kichwa vimetoka kwingine kabisa. Ushahidi huo utakuwa unasema uongo.

Nimeona kwa macho yangu, katika banda moja la vyuma chakavu hapa jijini, maganda yakiwa ndani ya kiroba kimoja na koki za maji zilizovunjika, yote yakisubiri mizani. Mengine yalikuwa bado meusi mdomoni kwa moshi. Kijana aliyekuwa akiyapanga aliniambia kuwa shaba ni shaba tu. Simlaumu, maana hakuna aliyemweleza tofauti, na kwa bei ya kilo mtu hana sababu ya kuuliza.

Napendekeza kwamba mwenye leseni ya silaha, awe mwindaji au kampuni ya ulinzi, arejeshe maganda kwa hesabu kila anapotaka kununua risasi mpya, na upungufu uandikiwe maelezo. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao waelekezwe kwa maandishi kutopokea maganda hata yakiwa yamepondwa. Mwanza tunacho chuo cha Pasiansi, kinachofundisha askari wa wanyamapori. Wakufunzi wake wangeweza kuombwa watumie nusu siku na wanunuzi hao kuwaonyesha ganda ni kitu gani. Kwa wale walio na maganda au silaha majumbani, Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na ningeshauri matangazo ya polisi yatakayotolewa mialoni, yaani kwenye maegesho ya boti za wavuvi, wakati huo yataje maganda kwa jina, yasiishie kwenye bunduki peke yake.

Mkufunzi mstaafu wa shabaha,
Nyamanoro, Mwanza