Mjadala wa Jumamosi: King Kong ya Johannesburg

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi tutajadili King Kong, tamthilia ya muziki iliyofunguliwa Johannesburg tarehe 2 Februari 1959. Todd Matshikiza, aliyetunga muziki wake, alichukua jazi ya vitongoji vya Waafrika akasimulia nayo maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, ambaye alimuua mpenzi wake na kisha akafa maji akiwa mfungwa mwaka 1957. Onyesho lilifanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kwa sababu huko Weusi na Weupe waliweza kuketi pamoja, jambo ambalo kumbi za kawaida za mji hazikuliruhusu, na kwangu uamuzi huo una uzito sawa na muziki wenyewe.

Miriam Makeba ndiye aliyeigiza Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Tamthilia ilipofika London mwaka 1961 hakuwamo, kwani alikuwa Marekani na pasipoti yake ilikwisha kufutwa. Baadaye Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizompa pasipoti. Baadhi ya wenzake waliokwenda London nao hawakurudi nyumbani.

Jaribio la kuifufua mwaka 1979 halikufaulu. Ilirudi kwa nguvu mwaka 2017 katika ukumbi wa Fugard, Cape Town, chini ya mwongozaji Jonathan Munby.

Naomba kila mmoja asikilize rekodi ya awali kabla hatujakutana, na atafakari swali linalonisumbua mno: je, tunamwimbiaje shujaa aliyemuua mwanamke?