Asante mzee wa baiskeli, hapa Bombo

Mzee uliyepita na baiskeli ukawakuta vijana wameshika mafuta ya taa chini ya mwembe wetu wawaue maji moto, wale sisimizi wa mitini, Mungu akuzidishie. Ulitushushia kiota kimoja cha maji moto tukione: majani mabichi yameshonwa kwa nyuzi nyeupe. Kumbe uzi wenyewe hutoka kwa viluwiluwi vyao, wakubwa wanavishika mdomoni kama sindano! Ukasema wadudu hawa hufukuza nzi wa matunda, waachwe. Ukakata tu matawi yaliyogusa bati, maana ndiko walikopitia kuingia jikoni. Waliling'ang'ania shingo lako, wala hukuguna. Soda ulikunywa, pesa ukakataa, jina hukutuachia. Mama watoto anakusalimu sana. Maembe yakiiva, pita na gunia.