Sayansi si mvua, sahibu yangu

Sahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nikuombe radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako niliisoma mara tatu, nikaikunja, nikaifungua tena. Kilichonikwamisha ni sentensi yako moja: "Sayansi ni kama mvua. Hutoka juu, nasi tulio chini kazi yetu ni kulowa au kukinga ndoo." Sentensi tamu, nakiri. Ingekuwa chungu ningeijibu siku ileile.

Lakini sikubaliani nayo. Mvua hunyesha itakapo (wenye sala za kuomba mvua wanisamehe). Elimu huitwa. Kuna mtu ana shida, au tamaa, au hofu, naye ndiye anayeamua swali lipi liulizwe leo na lipi lingoje. Na jibu likishapatikana, kuna mwingine anayeamua kama aliyelisema ni mtu wa kusikilizwa.

Chukua aljebra, ile iliyokuwa ikikutoa jasho darasani. Ulidhani imeshuka kutoka mawinguni? Karne ya 9, Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, mwanahesabu al-Khwarizmi alikaa akaandika kitabu ambacho jina la elimu hiyo limetoka humo, katika neno al-jabr. Katika dibaji anasema wazi anachokusudia: hesabu wanazozihitaji watu katika mirathi, wasia, mgawanyo wa mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Na hakuwa anapamba maneno, maana sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi tupu. Mke amefariki, ameacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu. Sheria imeshasema: mume robo, kilichobaki ni cha watoto, na wa kiume apate mara mbili ya wa kike. Kata mali vipande 20: mume 5, mwana 6, kila binti 3. Hiyo ni nyepesi. Marehemu akiwa ameacha na wasia juu yake, au madeni, kadhi anaanza kukuna kichwa. Ndipo mtu alipoona ni heri apatikane mtindo wa kutafuta kisichojulikana kwa kukizungusha kile kinachojulikana.

Sisemi kwamba bila mirathi aljebra isingezaliwa. Wababeli walikuwa wakipiga hesabu za namna hiyo zamani sana, na Wahindi nao. Nasema tu kwamba ilipovaa vazi tunalolijua, fundi aliyelikata vazi hilo alikuwa akiwatazama watu wanaogawana mali.

Injini ya mvuke ni hivyohivyo, sitakaa sana hapo. Thomas Newcomen, muuza vyuma wa Uingereza, alisimamisha mashine yake mwaka 1712 kwa sababu machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yakijaa maji. Hakuna aliyekuwa na elimu ya joto ya kumwongoza. Mwaka 1824, zaidi ya miaka 100 baadaye, ndipo kijana Mfaransa wa miaka 28, Sadi Carnot, alipouliza kwa utaratibu: moto unaweza kutoa kazi kiasi gani, na mpaka wake uko wapi? Mashine ilitangulia, nadharia ikaja nyuma ikihema.

Ninachotaka hasa kukusimulia ni habari ya ndui, maana hapo ndipo mvua yako inaponishinda kabisa.

Mwaka 1706, waumini wa kanisa moja la Boston, kule Amerika, walimpa mchungaji wao, Cotton Mather, zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mtu: mtumwa kutoka Afrika Magharibi. Mather akampa jina la Onesimo, kama yule mtumwa wa kwenye Biblia. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Siku moja Mather akamuuliza kama amewahi kuugua ndui. Onesimo akamjibu: ndiyo, na hapana. Kisha akamweleza kwamba kwao mtu mzima wa afya huchanjwa kidogo, akatiwa usaha wa mgonjwa wa ndui. Huumwa kidogo, akapona, na ndui haimrudii tena. Akamwonyesha kovu mkononi. Mather akawauliza Waafrika wengine pale mjini, nao wakasema hilohilo. Akasoma na ripoti ya daktari aliyeyaona mambo hayo Uturuki. Vikalingana.

Aprili 1721 meli ikaingia na ndui. Boston ulikuwa mji wa watu kama 11,000. Kabla haujatulia, karibu watu 6,000 walikuwa wameugua na 844 wamekufa. Mather akawaandikia madaktari akiwasihi wajaribu kuchanja. Aliyekubali ni mmoja, Zabdiel Boylston. Alianza na mwanawe wa miaka sita, na watumwa wake wawili, baba na mtoto mdogo. Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Mtoto wa miaka sita hakuulizwa, na wale wawili wengine hata wangeulizwa, wangejibu nini? Mtumwa mwenzao Onesimo ndiye aliyeileta elimu, na wa kwanza kujaribiwa wakawa tena wao.

Mji ukawaka. Na hapa kuna kichekesho ambacho kingekufurahisha, wewe unayependa kusema dini na sayansi ni paka na panya. Wachungaji ndio waliosimama upande wa kuchanja. Aliyepinga kwa ukali kuliko wote ni William Douglass, daktari pekee pale mwenye shahada ya chuo kikuu. Sababu zake hazikuwa za kijinga zote. Aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza wenzake, na hakukuwa na kipimo chochote cha kuaminika. Ila miongoni mwa sababu zake kulikuwa na hii pia: habari yenyewe inatoka kwa watumwa wa Kiafrika, na kwake neno lao halikuwa ushahidi. Novemba, mtu akatupa bomu la mkono kupitia dirishani kwa Mather. Halikulipuka.

Boylston hakubishana sana. Alihesabu. Alikuwa amechanja watu zaidi ya 240, wakafa 6. Walioupata ugonjwa kwa njia ya kawaida, katika kila 100 walikufa kama 14. Leo tungesema ni jambo la kawaida kuweka tarakimu hizo mbili pamoja. Wakati ule kulinganisha dawa kwa kuhesabu makaburi ilikuwa karibu ni utovu wa adabu.

Sasa niambie, mvua ilinyesha wapi? Elimu ilikuwepo Afrika, ilikuwepo Uturuki, ilikuwepo China. Ilibebwa ndani ya meli ya watumwa, ikakaa miaka kumi na kitu kwenye nyumba ya mchungaji. Ilichokikosa si ukweli, ni msemaji wa kuaminiwa. Onesimo mwenyewe alilipa fedha za kununulia mtumwa mwingine wa kushika nafasi yake, akapata uhuru, tena uhuru wenyewe wa nusunusu. Mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner akaja na njia salama zaidi ya kutumia ndui ya ng'ombe, na ukaenda mwendo mrefu hadi mwaka 1977, Merca nchini Somalia, ambako Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alikuwa mtu wa mwisho kuugua ndui ya asili. Hakuwa amechanjwa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa sindano. Nampenda kwa ukweli huo, na zaidi kwa sababu miaka ya baadaye alizunguka akiwashawishi wazazi wasiiogope chanjo ya polio.

Najua utaniambia: sawa, watu huchelewa kuusikia ukweli, lakini mwisho huusikia na kutenda. Si mara zote. Wakati mwingine hutenda kabla ya kusikia. London, 1854, kipindupindu kinaua mtaa wa Soho, na daktari John Snow anapiga nyumba hodi moja moja mpaka anaonyesha kwamba vifo vinaizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Ugonjwa uko kwenye maji, anasema. Wakubwa hawakushawishika, kwao maradhi yalitoka kwenye hewa inayonuka. Kisha majira ya joto ya 1858 mto Thames ukavunda vibaya mno. Bunge liko palepale ukingoni, mapazia yakaloweshwa dawa, wabunge wakafunika pua. Sheria ya kujenga mfumo wa maji taka ikapita kwa siku 18 tu. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi, akachimba kilomita zaidi ya 130 za mifereji mikuu kuyapeleka maji machafu mbali na mji. Waliijenga kuondoa harufu, wakaondoa kipindupindu. Kiliporudi mwaka 1866 kilishambulia mashariki ya London, sehemu ambayo mfumo mpya ulikuwa haujaanza kufanya kazi. Snow hakuyaona hayo. Alifariki Juni 1858, akiwa na miaka 45, mvundo ukiwa umepamba moto.

Jambo hili linanisumbua kuliko la Boston. Waliokosea ndio waliojenga.

Kuna upande mwingine ambao hatuupendi kuutaja tunapojisifia maendeleo. Jamii inaweza kuipa sayansi swali ambalo tayari ina jibu lake mfukoni. Mwaka 1883 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliipa jina elimu yake ya kuboresha kizazi cha binadamu, yujeniki, na wenye vyeo wakafurahi kuambiwa kwamba vyeo vyao viko kwenye damu. Haikuishia kwenye vitabu. Jimbo la Indiana likatunga sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu mwaka 1907, mengine yakafuata, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikaruhusu binti aliyeitwa Carrie Buck afungwe kizazi kwa madai kwamba yeye na mama yake ni punguani, na kwamba hata kitoto chake kina kasoro. Kitoto hicho kilikuja kuingia kwenye orodha ya wanafunzi wazuri shuleni. Waliofungwa kizazi nchini humo kwa sheria hizo walipita 60,000. Wote hao walipimwa, wakaandikiwa, wakapigiwa mihuri. Kila kitu kilifanana na sayansi.

Hapa lakini nikupe haki yako, usije ukadhani nimekuwa mtu wa kusema ukweli ni wa mwenye nguvu. Kuna kitu ambacho jamii haiwezi kukiamuru. Katika Urusi ya Kisovieti, Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeikana jenetiki (elimu ya jinsi viumbe wanavyorithi sifa za wazazi), alipata masikio ya Stalin, na mwaka 1948 elimu hiyo ikapigwa marufuku kama fikra za mabepari. Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu ili watu wasife njaa, alikwisha kufa kwa njaa gerezani Saratov mwaka 1943. Walimnyamazisha Vavilov, lakini ngano haikutii. Haikujali nani ni waziri na nani ni mfungwa. Basi ukipenda, hiyo ndiyo mvua yako: asili hujibu itakavyo, ila nani aulize, na nani aaminiwe akirudi na jibu, hayo ni yetu. Tusimsingizie Mungu wala mawingu.

Niishie hapo, mkono umechoka. Kabla hujakaa kunipinga, nakurudisha kwa al-Khwarizmi, maana nimekuachia ile nyepesi tu. Mke yuleyule amefariki, ameacha mume, mwana mmoja na mabinti watatu. Safari hii ameusia sehemu ya nane na sehemu ya saba ya mali yake kwa mtu wa nje. Haijapita theluthi inayoruhusiwa, kwa hiyo wasia unapita. Mimi nimeikata mali vipande 1120, na mtu wa nje ameondoka na 300. Mume nimempa 205. Waliobaki wagawie wewe, na ukiona kuna binti nimemdhulumu, niandikie.

Wako wa siku zote,
Rafikiyo