Msihesabu wiki mbili: barua kwa wanaoishi na VVU

Wanangu na wadogo zangu mnaoishi na VVU,

Nawasalimu nyote, mlioanza dawa juzi na mliozizoea kwa miaka.

Mmesikia mara nyingi kwamba anayekohoa wiki mbili au zaidi akapime kifua kikuu (TB). Hesabu hiyo si yenu. Kwenu kikohozi ni kikohozi, kiwe cha siku moja au cha mwezi. Na hata usipokohoa kabisa, homa, kupungua uzito au jasho la usiku la kulowesha shuka, lolote kati ya hayo matatu linatosha kukupeleka kupima.

Sababu ni hii. Kikohozi kikali na mashimo kwenye mapafu hutokana kwa sehemu kubwa na kinga yenyewe inapopambana na vijidudu. Kinga ikishuka, mapambano hufifia: makohozi yanakuwa machache, picha ya kifua inaweza kuonekana safi, huku ugonjwa ukienea kimya kimya kwenye tezi, tumbo, uti wa mgongo au utando wa ubongo. Ndiyo maana wengine hugundulika wakiwa hoi.

Kila mnapokwenda kliniki mnaulizwa maswali manne kuhusu dalili hizo. Najua wengi hujibu "sina" ili wawahi kuondoka, au kwa kuogopa kuonekana wana magonjwa mawili. Nawasihi, jibuni kweli. Ombeni kupimwa uzito na mlinganishe na ule wa safari iliyopita. Mhudumu asipouliza, mwambieni ninyi.

Mkipewa kikopo cha makohozi, toeni makohozi yenyewe, si mate. Sukutua kinywa kwa maji. Simama nje, penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, itoe. Rudia, kisha kohoa kwa nguvu kutoka ndani kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kama kijiko kimoja cha chai, kizito, si povu. Funga kifuniko barabara, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kikopo, ukipeleke siku hiyo hiyo. Mate yakipelekwa maabara, jibu la "hakuna TB" halina maana yoyote.

Ulizeni pia makohozi yanapimwa kwa kifaa gani. Darubini huhitaji vijidudu kwa maelfu katika kila mililita, na ninyi mara nyingi hamna vingi kiasi hicho kwenye makohozi. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutafuta vinasaba vya kijidudu, hutoa jibu kwa takriban saa mbili, na huonyesha kama kimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Aliye mgonjwa sana, au mwenye CD4 (kipimo cha wingi wa chembe za kinga kwenye damu) chini ya 200, aombe pia kipimo cha mkojo cha LAM. Majibu yake hutoka kwa dakika 25, nacho humsaidia hasa asiyeweza kutoa makohozi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipimo kikisema huna TB na bado unakonda au homa haiishi, suala halijafungwa. Rudi. Antibayotiki za kikohozi zinaweza kukupa nafuu ya muda huku ugonjwa upo pale pale. Tezi iliyovimba shingoni inaweza kuchomwa sindano ili majimaji yake yapimwe. Kichwa kinachouma mfululizo, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Asiye na dalili yoyote aulizie tiba kinga, yaani dawa za kuzuia TB: isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, dozi 12. Isoniazidi huambatana na vitamini B6 ili miguu isife ganzi. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai, au kichefuchefu kikizidi, acha dawa na uende kliniki mara moja, maana ini linaumia. Mnywaji wa pombe yuko hatarini zaidi. Asiyepimwa vizuri asikimbilie tiba hii, kwani dawa chache kwa ugonjwa uliokwisha kuamka huzaa usugu.

Ukikutwa na TB ya kawaida, isiyo sugu kwa dawa, tiba ni miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rifampisini, usiogope. Lakini rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, mojawapo ya dawa za VVU (ARV), mwilini, kwa hiyo mtu mzima huongezewa kidonge cha pili cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Basi mwambie anayekupa dawa za TB kila dawa unayotumia, hata kama kuitaja ARV mbele yake ni kuzito.

Aliyeanza ARV karibuni anaweza kuona homa inarudi au tezi zinavimba zaidi wiki chache baadaye, kwa sababu kinga imeamka na kuanza kupambana. Asiache dawa zozote, aende aangaliwe. Na walio nyumbani na mgonjwa wa TB wapimwe wote, watoto wadogo kwanza. Mtoto huenda asikohoe: mwangalieni kama uzito wake umesimama au kama amepoteza uchangamfu.