Barua ya wazi kwa watangazaji vijana wa Dodoma

Wanangu na wajukuu zangu mnaoshika maiki hapa Makao Makuu,

Mbukwenyi! Wengi wenu si wa huku, najua. Mmeletwa na chuo, na ajira, na Serikali kuhamia. Lakini salamu ya Kigogo haiulizi kabila. Itikieni kwanza, ndipo tuongee.

Nimestaafu utangazaji, naishi Chang'ombe, na redio yangu inalia kuanzia alfajiri hadi usingizi unizidi. Nawasikia karibu wote. Mna vipaji, na mna ulimi mwepesi kuliko sisi tuliofundishwa kusoma taarifa ya habari kama hakimu anayesoma hukumu. Kwa hiyo sitawasumbua na habari za Kiswanglish chenu wala vicheko vya kulazimisha. Hayo umri utayarekebisha. Nina neno moja tu: mnapangisha sauti zenu, na msikilizaji haambiwi mpangaji ni nani.

Chukueni hili la dawa. Tangazo la biashara lililorekodiwa lina muziki wake na mbwembwe zake, na hata bibi asiyejua kusoma anatambua kwamba hapo kuna mtu anauza. Siku hizi mwenye bidhaa hataki hilo. Anamtaka mtangazaji mwenyewe, katikati ya kipindi, baina ya wimbo na wimbo, ashushe sauti aseme: "Jamani, mama yangu mzazi ametumia hii, sukari imeshuka kabisa." Mtaani kwetu yuko mama muuza karanga aliyesikia maneno hayo, akaacha vidonge vya kliniki, akanunua makopo mawili ya unga wa majani. Nilipomuuliza ni nani aliyemshauri, hakuitaja kampuni. Alimtaja mtangazaji, tena kwa jina lake la hewani, akaongeza: "Yule kijana hawezi kunidanganya, namsikia kila siku." Kidonda cha mguu kilipomrudisha hospitali, kijana hakuwa na habari. Alikuwa hewani anasifia kubeti.

Imani ya namna ile haipatikani kwa kununua muda wa tangazo. Mmeijenga kwa kuamka saa tisa usiku kuwahi zamu, kwa kusoma matangazo ya vifo bila kukosea jina la marehemu, kwa kuwa pale pale siku ambayo umeme umekatika mji mzima na redio ya betri ndiyo inayosikika. Mwenye dawa anajua thamani yake kuliko ninyi, ndiyo maana analipa haraka.

Kuna kupangisha kwingine ambako hata hela haihusiki, ni uvivu tu. Msimu uliopita nilimsikia mmoja wenu akisoma utabiri wa mvua za vuli, akawahimiza wakulima wa Bahi na Chamwino waingie shambani mapema. Mwanangu, Dodoma haina vuli. Vuli ni ya pwani ya kaskazini, ya kina Arusha na Kilimanjaro, na ya ukanda wa Ziwa Victoria. Sisi tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) huutolea utabiri wake peke yake. Mvua yenyewe ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 hivi. Mtu akipanda mtama kavukavu kwa kuamini sauti yako, mbegu ikaota kwa manyunyu kisha jua likakaza, hana mbegu nyingine ghalani. Karatasi ilitoka mahali, ukaiazima mdomo wako bila kuuliza inamhusu nani. Simu moja tu kwa ofisa ugani ingetosha.

(Na majina ya vijiji, tafadhali. Haneti, Itiso, Mvumi, Hombolo: muulizeni mtu wa huko kabla ya kwenda hewani. Mtu akisikia kijiji chake kimevurugwa, hasikilizi kinachofuata.)

Sasa niseme la bahasha, yaani fedha anayopewa mwandishi na waandaaji wa shughuli, maana hapa kwetu ndipo lilipoota mizizi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, lakini Serikali ilihama kweli kweli kuanzia 2016. Kabla ya hapo mwandishi wa Dodoma alisubiri vikao vya Bunge. Leo ana wizara zote pale Mji wa Serikali, Mtumba, na kila siku kuna uzinduzi, warsha au makabidhiano. Mlangoni amekaa binti na daftari: andika jina, chombo chako, namba ya simu, weka sahihi. Nauli hiyo. Sitajifanya mtakatifu, Mtumba ni mbali, na pikipiki haiendi kwa maji. Ninacholaumu ni kinachosikika jioni. Sentensi ya kwanza ya habari inajaa vyeo vya mgeni rasmi tangu mwanzo hadi mwisho, ya pili inataja wadau walioshiriki, ya tatu inashukuru. Mradi wa maji uliozinduliwa utafikisha maji kijiji gani, lini, na dumu litauzwa shilingi ngapi? Kimya. Kusifia wakubwa namna hii vijana wenzenu wanakuita uchawa, nami sina jina bora zaidi.

Msidhani nasema zamani palikuwa safi. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), Bara ilikuwa na redio hiyo moja, ya Serikali, na tulisoma tulichopewa. Lakini mkulima wa Kongwa alijua anayeongea ni Serikali, akapima maneno kwa kipimo hicho. Radio One na ITV zilipoanza mwaka 1994, na nyingine zikafuata hadi kila mkoa ukawa na zake, msikilizaji alidhani amepata watu wa kumsemea yeye. Ndiyo maana nyinyi mnaaminiwa kuliko tulivyoaminiwa sisi, na ndiyo maana ninyi mkidanganya mnaumiza zaidi.

Najua mtanijibu kwamba mzee anaongea akiwa ameshiba. Haya, tuongee njaa. Wapo kati yenu walio hewani mwaka wa pili au wa tatu wakiitwa "wanaojitolea", hawana mkataba, hawana mshahara, wanaambiwa watafute matangazo wapewe asilimia. Mtangazaji anayeishi kwa asilimia ya tangazo atamkatalia vipi mwenye dawa? Hawezi, na anayemweka katika hali hiyo anajua. Kwa hiyo dai mkataba wa maandishi kabla hujawa maarufu, maana ukishakuwa maarufu utaambiwa jina ndilo malipo yako. Uliza NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na si haki ubebe peke yako. Na someni. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwandishi wa habari. Wengi mlioingia kwa kipaji mnaiona kama fimbo. Mimi naona mwenye cheti anaweza kuhama kituo. Asiye nacho hana budi kusujudu.

U-MC nauunga mkono kabisa. Jumamosi nenda kwenye send-off kule Kisasa, chekesha watu, pokea chako. Pale kila aliyekaa ukumbini anajua umelipwa usifie bwana harusi, na hakuna anayeondoka amedanganyika. Kipimo changu ni hicho hicho kwa kila kitu kingine.

Hata siasa. Siwakatazi, ningewezaje katika mji wa Bunge? Amina Chifupa alitoka Clouds FM akaingia bungeni kwa viti maalumu mwaka 2005. Sarah Dumba, sauti tuliyoizoea RTD, akawa mkuu wa wilaya. Juma Nkamia wetu alitoka kutangaza mpira akachaguliwa mbunge wa Kondoa Kusini 2010, baadaye Chemba, katikati akawa Naibu Waziri wa Habari. Marehemu Charles Hilary alizunguka RTD, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, kisha akawa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Alipokaa kwenye kiti kile hakuna aliyejiuliza anamsemea nani. Wale walivuka barabara watu wakiwaona. Ninaowaogopa ni wale ambao bado wana kipindi cha asubuhi huku wameshachukua jimbo moyoni. Utawasikia: ghafla kila mgeni anatoka wilaya moja, kila salamu ni za kata zile zile, na mpinzani wao hapati hata dakika ya kupiga simu. Ukitaka kugombea, aga, toka studio, nenda ukagombee. Ukishindwa na ukataka kurudi, rudi kwenye muziki na michezo kwanza, uache habari za siasa kwa wenzako mpaka watu wasahau rangi ya fulana yako.

Mameneja wenu wataniona mchochezi. Nawaomba jambo lisilo na gharama: kila maneno yaliyolipiwa yatanguliwe na sentensi moja, "haya ni matangazo ya kulipiwa", hata yanaposemwa na mtangazaji mwenyewe, hata yakiwa ndani ya kipindi. Mwenye bidhaa akikataa sentensi hiyo, mjue alichokuja kununua si muda wa hewani.

Na wewe mtangazaji uliyeisifia ile dawa ya sukari, unajijua. Kipindi chako ni kesho saa moja asubuhi. Anza na hilo: sema ulilipwa, sema mama yako hakuitumia, na waambie walioacha vidonge warudi kliniki kesho hiyo hiyo. Nitakuwa nasikiliza.

Ni mimi mzee wenu,
mtangazaji mstaafu, Chang'ombe, Dodoma