Rauta yako bado haijapona

Kisumu, Jumapili usiku

Ndugu yangu,

Pole na kukesha. Mama naye anaendeleaje na mguu? Huku mvua ya jioni imetuondolea stima, naandika kwa betri ya laptopu.

Unasema rauta imetulia tangu uongeze kwenye msimbo wake msleep, yaani amri ya kusubiri, ya milisekunde 10 kabla ya kumfuta mteja aliyekata mtandao. Haijatulia. Umepunguza tu nafasi ya prosesa mbili kugongana juu ya mteja mmoja. Siku wateja wakijaa saa mbili usiku itaanguka tena, nawe hutajua pa kuanzia. Tafadhali iondoe.

Nasema hivi kwa sababu rauta yetu ya Kondele ilinitesa mwezi mzima. Ilikuwa ikiganda kati ya saa moja na saa nne usiku, asubuhi ikiwa nzima kabisa. Msimbo niliusoma mstari kwa mstari, sikuona kosa. Mwishowe nikachukua daftari la shule la mtoto nikapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto prosesa ya kwanza, kulia ya pili. Kushoto pakiti imefika, mteja ametafutwa kwenye orodha, amepatikana. Kulia mteja huyo huyo amekata mtandao, ametolewa kwenye orodha, kumbukumbu yake imeachiliwa. Rudi kushoto: anaongezewa baiti kwenye hesabu yake. Hesabu ipi tena? Pale pana kitu cha mwingine. Kila upande ukiusoma peke yake uko sawa. Kosa liko katikati, kwenye ile nafasi baada ya kumpata na kabla ya kumgusa.

Nikaweka spin_lock, kufuli inayopitisha prosesa moja tu huku nyingine ikizunguka kuingoja, na mashine ikasimama kabisa. Lockdep, kikagua kufuli cha kerneli (kiini cha Linux), ndiyo iliyonionyesha: upande wa kufuta ulikuwa umeshika kufuli, pakiti ikaingia kwenye prosesa ile ile, na kazi ya kupokea pakiti ikaanza kungoja kufuli hiyo hiyo. Mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka anayemngoja amalize. Dawa yake ni spin_lock_bh, inayozuia kazi hiyo kuingia kwenye prosesa yako wakati umeshika kufuli.

Lakini hapo kila pakiti ilipanga foleni, kasi ikashuka, nikahamia RCU, njia inayowaacha wanaosoma orodha waisome bila kufuli. Fikiria nyumba ya zamani bomani: unaacha kuwaelekeza wageni huko, ila huibomoi hadi waliokwisha kuingia watoke. Kumtoa mteja kwenye orodha ni kuacha kuelekeza wageni. Amri ya kfree_rcu ndiyo subira kabla ya kubomoa, yaani kabla ya kuachilia kumbukumbu. Kufuli niliibakiza kwa wanaobadilisha orodha peke yao. Tangu hapo haijaganda.

Wala usijilaumu. Mwaka 2016 Philip Pettersson alipata kosa la aina hii ndani ya Linux yenyewe, kwenye soketi za pakiti (mlango ambao programu hupokelea pakiti ghafi), na lilikuwa limekaa humo tangu 2011. Uzi mmoja wa programu unaandaa ringi (duara la nafasi za kuwekea pakiti) ya toleo la tatu, ambayo ina taima yake. Uzi mwingine unabadilisha toleo la soketi katikati ya kazi. Soketi ikifungwa, kerneli inaangalia toleo, inaona si la tatu, taima haiifuti. Kumbukumbu inaachiliwa, halafu taima inalia juu yake. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida angeweza kujipa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Marekebisho yalikuwa mafupi mno: kushika kufuli ya soketi wakati wa kukagua na kubadilisha. Watu makini waliupita mstari ule kwa miaka mitano, ndugu yangu.

Basi jenga kerneli ya majaribio yenye KASAN (kinachonasa anayegusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa) na lockdep, uipige pakiti huku unaunganisha na kukata wateja mfululizo. Itakuwa nzito, usijali. Ripoti ya KASAN itakuonyesha aliyeachilia na aliyegusa baadaye. Hayo ndiyo majina ya safu zako mbili za daftarini.

Ijumaa nasafiri kwenda Nairobi, nitashuka hapo Nakuru kama saa sita. Nichapie ile sehemu ya kumfuta mteja, hiyo tu, na uje na daftari.

Wako,
wa Kisumu